Kisipite Kooni

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti ya mtangazaji, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama kwenye kiti cha plastiki, jua likinipata kila upepo ulipoinua turubai. Alisoma kwamba Mwalimu Sospeter aliingia seminari akaacha, kwamba kazi ya mvinyo alijifunza kwa mapadre, kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutengeneza mvinyo kwa zabibu za wakulima wa huku kwetu. Yote kweli. Kisha akasoma: "Marehemu aliwafundisha mabinti wengi kazi ya kuonja mvinyo, ingawa baadhi yao waliacha kwa hiari yao wenyewe ili kuolewa." Akina mama walioketi jirani nami wakaguna, ile miguno ya msibani isiyomaanisha lolote. Mimi sikuguna. Mabinti wengi nilikuwa mimi peke yangu. Na sikuacha kwa hiari, wala sikuacha ili kuolewa. Nilikuja kuolewa miaka mingi baadaye, na mwanamume aliyekufa bila kujua kwamba mke wake aliwahi kufanya kazi ya ulimi. Nilitazama jeneza pale mbele, taji la maua ya plastiki juu yake, nikajisikia hasira ambayo nilidhani imekwisha kuzeeka pamoja nami. Ilikuwa mbichi, hata nikaogopa. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyeacha wasifu wake umeandikwa hivyo, maana baadaye binti yake aliniambia kwamba mzee aliusimamia kitandani, neno kwa neno.

Mwaka nilioanza kazi ile nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani Kinyangiri, nachuma mlenda na kungoja bahati. Jirani yetu Mzee Mpinga alikuwa ameleta miche ya zabibu kutoka Dodoma akaipanda nyuma ya zizi, watu wakamcheka mpaka ilipozaa. Zabibu zake na za wenzake wachache alizinunua Bwana Jayanti, mwenye duka la vitambaa na nafaka pale Singida mjini, Mhindu ambaye hakugusa pombe maisha yake yote. Alikuwa na godauni la mawe lililoegemezwa kwenye jabali, ndani baridi hata mchana wa kiangazi, na humo ndimo Mwalimu Sospeter alimoweka mapipa yake. Shida yao ilikuwa waonjaji. Vibarua waliopewa kazi hiyo walionja mpaka wakalala juu ya magunia. Sospeter akasema anataka mtu ambaye ulimi wake haujawahi kuzoea pombe, na Jayanti, ambaye alikuwa na akili ya kibiashara hata katika mambo ya dini za watu wengine, akasema, "Basi tafuta mtoto wa mzee wa kanisa." Mzee Mpinga akanitaja mimi. Hivyo ndivyo mwenye mvinyo asiyekunywa alivyompata mwonjaji asiyekunywa, na katikati yetu akawapo mtu mmoja tu aliyejua mvinyo ni nini.

Baba alinipeleka mwenyewe. Namkumbuka dukani, kofia mkononi, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, akikataa kiti mara ya kwanza na ya pili kabla ya kukubali. Aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Nimeelewa ni kazi. Mpishi naye huonja chumvi. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na huyu ni mwanangu. Kinywani kiingie. Kooni kisipite." Bwana Jayanti akamtazama Sospeter. Sospeter akacheka kicheko chake kizuri, akamshika baba mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Kanuni yetu ni kutema. Hata mimi natema. Mwonjaji anayemeza si mwonjaji, ni mlevi aliyeajiriwa." Baba alipenda sana maneno hayo. Aliyarudia njiani, aliyarudia nyumbani, akayarudia kwa mchungaji. Na mimi niliyapenda, kwa sababu yalinifungulia mlango.

Nililala chumba cha nyuma ya duka, dirisha moja dogo, kitanda cha kamba, marobota ya vitenge yamepangwa mpaka darini. Kabla yangu chumba kilikuwa stoo ya viungo, na harufu ya bizari ilikuwa imeingia ukutani. Sospeter alipokuja kukikagua alifoka, akamwambia mke wa Jayanti, tuliyemwita Mama Kirit, kwamba pua yangu itaharibika. Kuta zikapakwa chokaa upya. Lakini vita yao kubwa ilikuwa mezani. Mama Kirit hakuweza kuvumilia mtu ale chakula kikavu nyumbani kwake. Aliniwekea chapati laini, dengu, bilinganya, na pembeni achari ya embe iliyokuwa inaniita kwa jina. Sospeter alikuwa amenikataza pilipili, kitunguu kibichi, achari, sabuni ya kunukia na mafuta ya nywele, angalau mpaka saa za kazi zipite. Namsikia Mama Kirit hadi leo: "Wewe Sospeter, unamfanya mtoto ale kama mgonjwa! Akikonda baba yake atasema Wahindi hawampi chakula!" Na Sospeter akimjibu kutoka uani, "Mama, mpe achari jioni. Asubuhi ulimi ni wangu." Wote tulicheka. Ulimi ni wangu. Nilidhani ni utani.

Asubuhi, kabla ya chai, alinipangia bilauri za kawaida za kunywea maji juu ya meza iliyofunikwa shuka jeupe. Alitaka shuka ili rangi ionekane. Aliniambia niinamishe bilauri nitazame ukingoni: mweupe ukianza kuwa na rangi ya chai, hewa imeingia pipani, mwekundu ukigeuka rangi ya tofali pembezoni, ama umekomaa ama umechoka, na kazi yangu ni kujua ni kipi. Kisha kunusa, kwanza bila kutikisa, halafu baada ya kutikisa. Kisha kuchukua funda dogo, kulizungusha mdomoni, kuvuta hewa kidogo juu yake kwa mlio ambao mama yangu angenipiga kibao kama ningeutoa mezani, na kutema kwenye ndoo yenye majivu. Mweupe tuliupooza kwenye mtungi uliofukiwa kwenye mchanga wenye maji. Mwekundu hapana. "Mwekundu ukiupooza unafunga mdomo," alisema. "Utauliza swali na hautajibu." Mwanzoni vyote vilikuwa uchachu mtupu kwangu. Halafu asubuhi moja mweupe wa Mzee Mpinga ulinipita puani nikaona pera, pera lenyewe, lile la nyumbani lililoiva upande mmoja, na nyuma yake ndimu, na nyuma ya ndimu harufu ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza. Nilisema hivyo hivyo. Sospeter akauonja mwenyewe, akatema, akasema, "Vumbi. Ndiyo. Miaka yote nilikuwa nakosa neno." Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kuliko ile, si shuleni, si kazini, si kwenye ndoa.

Majina tuliyatoa kwenye midomo yetu wenyewe. Alikuwa amefundishwa kwa majina ya matunda ya Ulaya, ambayo aliyakariri bila kuyaona, na alikuwa akiyadharau kidogo. Mwekundu tuliuita wa zambarau, wa furu, yale matunda meusi ya porini, wa ukwaju, wa moshi wa kuni mbichi, wa ngozi mpya ya kiatu. Kulikuwa na pipa moja lililokaa karibu na mlango, mwekundu wake una furu mbele na moshi nyuma, na katikati kitu cha chumvi chumvi ambacho sijakipata mahali pengine popote. Hilo nilikuwa nalitambua hata nikiwa nimefumba macho, na yeye alipenda kunijaribu mbele ya Jayanti, akinifunga kitambaa na kunipa bilauri moja baada ya nyingine, na Jayanti akishangilia na kikombe chake cha chai. Somo lake kubwa lilikuwa tofauti ya ukakasi na uchungu. Ukakasi ni ule unaokausha ufizi, unaukamata ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Watu hudhani ni uchungu. "Ukakasi usiuogope," aliniambia. "Huo ni ujana. Ukikaa pipani unalainika wenyewe. Lakini uchungu, huu unaokaa nyuma kabisa kwenye shina la ulimi, huo mvinyo ukizaliwa nao utazeeka nao." Nimefundisha darasani maisha yangu yote ya kazi, masomo mengi, na sijui kama niliwahi kufundisha jambo lolote kwa uwazi kama yule mtu alivyonifundisha hilo. Hapo ndipo penye uchungu wangu. Angekuwa mwalimu mbaya, ningekwisha kumsahau.

Mavuno yalipokaribia, Sospeter alileta habari. Kiwanda kimoja cha mvinyo kule Dodoma kilikuwa tayari kumchukua mtu wetu mmoja kumfundisha kazi yote, kuanzia shambani mpaka kwenye chupa, na akirudi atashika godauni pamoja na yeye. Alisema mtu huyo ni mimi. Jayanti alikubali. Mama Kirit alianza kunishonea magauni mawili yenye mikono, "maana Dodoma kuna upepo kuliko huku," jambo ambalo si kweli, upepo wa Singida haujapata mwenzake. Ilibaki ruhusa ya baba tu, naye akatuma salamu kwamba hana pingamizi, mradi sharti lake ni lile lile. Usiku nilikuwa nalala nikitaja mapipa moja moja kwa ladha zake. Nilikuwa na kitu changu. Msichana wa Kinyangiri mwaka ule hakuwa na vitu vingi ambavyo angeweza kusema ni vyake.

Sasa siku ya wakulima. Bwana Jayanti aliwaalika wote waliomletea zabibu waje waonje kilichotoka kwenye mashamba yao, maana maneno yalikuwa yameanza. Walikuwa wamesikia kwamba Sospeter huchoma salfa ndani ya mapipa, na salfa kwao ni dawa ya ukungu, ya kunyunyizia majani. Mtu mmoja alikwisha kusema vijijini kwamba Mhindi anatengeneza sumu na ndiyo sababu yeye mwenyewe hanywi. Kwa hiyo walikuja, wakakaa uani kwenye mabenchi, wakala kuku na ugali wa mtama, vilivyopikwa na mama mmoja wa jirani, kwa kuwa nyama haikuingia jikoni kwa Mama Kirit. Walikula vizuri. Lakini bilauri zilipokuja mezani hakuna aliyenyoosha mkono. Nilikuwa nimeshika jagi la mwekundu wa pipa la mlangoni. Mzee Mpinga, kwa upole kabisa, akaniambia, "Binti, unajua desturi. Mtoa kinywaji hutangulia." Nilijua, nani asiyejua? Huku kwetu huwezi kumpa mgeni kinywaji bila wewe mwenyewe kuonja kwanza mbele ya macho yake, na kuonja huko ni kumeza. Unamwondolea wasiwasi. Bibi yangu alinifunza hivyo kwa kibuyu cha maziwa kabla sijajua kusoma.

Nikamimina kidogo, nikaweka mdomoni. Furu, chumvi, moshi. Nikaona wazee wote wananitazama koo. Ndoo yangu ya majivu haikuwepo, na hata ingekuwepo, ningewezaje kutema? Mtoa kinywaji akitema mbele ya wageni amewaambia kwamba hakinyweki, kina kitu ndani yake. Kazi ya mwaka mzima ingemwagika pale pale kwenye mchanga. Nikamgeukia Sospeter. Alikuwa amesimama nyuma yangu kidogo, karibu kabisa, nasikia pumzi yake. Akasema chini chini, bila kutikisa midomo, "Meza, Raheli. Usituaibishe." Nikameza. Ndilo funda pekee lililopita kooni mwangu mwaka ule wote, na sikulipenda wala sikulichukia, lilikuwa kazi. Mzee Mpinga akapokea bilauri, wakafuata wengine, na baada ya muda uani kulikuwa na kelele na vicheko, mtu mmoja akidai kwamba anaisikia mbolea ya ng'ombe wake. Bwana Jayanti alikuwa na furaha mpaka akasahau chai yake ikapoa. Sospeter alinipita akanigusa bega. "Umetuokoa," alisema.

Aliyenimaliza alinimaliza kwa kunisifu. Mzee Mpinga alirudi Kinyangiri, na Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, akamwendea baba mbele za watu kumpongeza. "Mzee mwenzangu, umelea. Binti yako ana adabu za kizamani. Alitumezea kwanza, ndipo sisi tukanywa." Alidhani anampa baba zawadi. Mpaka anakufa hakuelewa alichokifanya, na mimi sikuwa na moyo wa kumweleza. Wazee wenzake baba walikuwa wamesimama pale pale. Mmoja akauliza, "Alimeza nini?"

Baba alifika Singida na basi la asubuhi. Mimi nilikuwa godauni nikisuuza bilauri, na kati ya godauni na ofisi ya duka palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia akikataa kiti, na safari hii hakukubali hata walipomsihi. Nilisikia Bwana Jayanti akianza kueleza habari za wageni na desturi, na baba akimkatiza kwa heshima: "Desturi naijua, Bwana Jayanti, ni ya kwetu. Nataka kujua kitu kimoja. Je, mwanangu aliamua mwenyewe kumeza, au kuna mtu mzima aliyemwambia ameze?" Mwalimu akakohoa. Bilauri ilikuwa mkononi mwangu na maji yanatiririka kwenye kiwiko. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nangoja tu Mwalimu amalize kukohoa aseme. Akamaliza, akasema, "Mimi sikumwambia, mzee. Kanuni yetu ni kutema. Anaijua."

Nilitoka mbio nikazunguka mpaka ofisini, mikono imelowa, nikasema, "Baba, aliniambia! Alikuwa nyuma yangu akaniambia!" Baba hakunitazama mimi, alimtazama yeye. Sospeter akatikisa kichwa na kusema kwa huzuni, huzuni ambayo ungeweza kuamini, "Mtoto ameogopa, mzee. Usimpige." Hapo ndipo nilipokwisha. Baada ya hapo kila neno langu lilikuwa la mtoto aliyeogopa. Bwana Jayanti alikuwa anapanga penseli mezani. Nadhani alijua. Kanisa letu lilikuwa limeanza kununua divai ya madhabahuni kwake, mvinyo kutoka mapipa yale yale, na kama ingesikika kwamba mtengenezaji anawanywesha mabinti wa wazee wa kanisa, divai ingetafutwa kwingine. Sospeter alipima, akaona mimi ndiye mwepesi. Mama Kirit alinifungia magauni kwenye gazeti, hayajaisha pindo, akaniingizia na chupa ya achari. Alikuwa analia.

Nilitengwa. Wasiojua watauliza ni nini: hufukuzwi, unaendelea kuingia ibadani, ila siku ya Meza ya Bwana unabaki umekaa peke yako kwenye benchi wakati wenzako wote wanasogea mbele, na kila mtu anajua ni kwa nini. Mimi ilikuwa ni kwa ulevi. Neno lenyewe lilisomwa hivyo, ulevi, na mama yangu akafunika uso kwa kanga. Muda wa kutengwa ulipokwisha nilisimama mbele ya usharika, nikatubu dhambi ambayo sikuitenda, kwa maneno niliyoandikiwa na mtu mwingine, na nikarudishwa kundini. Tukapiga magoti, mimi na baba bega kwa bega. Mchungaji akaja na kikombe. Nilipoweka mdomo, kabla hata sijafikiri, ulimi ulifanya kazi yake. Furu mbele, katikati chumvi chumvi, moshi nyuma. Pipa la mlangoni! Nilibaki na funda mdomoni. Mchungaji akasimama, akanitazama koo, baba naye akanitazama pembeni ya jicho, na usharika mzima nyuma yangu ukingoja kuona kama nimetubu kweli. Nikameza, kwa mara ya pili, mvinyo ule ule, na safari hii waliimba. Baba akapokea kikombe baada yangu akanywa vizuri, akafuta masharubu.

Nimemsamehe baba. Alikuwa mtu wa neno, na aliyapima maneno ya wengine kwa mizani yake mwenyewe. Uzeeni, nikimuuguza, siku moja alilianzisha yeye mwenyewe bila kuulizwa. Alisema, "Yule bwana angeniambia kwamba ndiye aliyekuamuru, ningegomba naye yeye, na wewe ningekuacha uende Dodoma. Mtu aliyetumwa na mkubwa wake halaumiwi." Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniamini mimi, baba?" Akasema, "Yeye alikuwa ananitazama machoni." Basi. Hayo ndiyo yaliyoamua maisha yangu. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikajenga Utemini pale Singida mjini, nikazaa, nikazika mume. Si maisha mabaya, sitaki kuonewa huruma. Lakini ulimi haukuacha. Maji ya bomba nayajua mtaa kwa mtaa. Wanangu walikuwa wakinicheka kwamba mama huonja chai kama anachunguza kesi.

Baada ya mazishi, nikiwa natafuta mtandio wangu niondoke, binti yake Sospeter alinishika mkono. Anaitwa Neema, mwanamke wa makamo, mikono imechubuka kwa kazi, na kicheko ni kile kile cha baba yake, kilinishtua. "Shikamoo shangazi," alisema. "Usiondoke. Wakulima wako chumba cha pembeni, wamekuja kuamua kama wataendelea kuniletea zabibu sasa mzee hayupo. Baba alisema nikitoa mvinyo wangu, wa kuonja mbele yao ni wewe. Alisema hajapata kuona ulimi kama wako, basi tu uliamua kuolewa." Aliyasema kwa upendo, bila kujua. Nikamfuata.

Kilikuwa chumba kidogo chenye viti vya mbao na rafu ya chupa, na kwenye viti wazee wamekaa, mmoja wao mtoto wa Mzee Mpinga ambaye sasa naye ni mzee. Neema akanimiminia mweupe, akanipa bilauri, akaniambia, "Tangulia, shangazi." Wote wakanitazama koo. Nikaweka funda mdomoni. Pera. Ndimu. Na lile vumbi la mvua ya kwanza, neno langu mwenyewe, likiwa limekaa pale pale nilipoliacha. Ulikuwa mvinyo safi kuliko wowote wa baba yake, hauna uchungu hata chembe. Nikageuka dirishani nikatema. Sikutema kwa mazoea. Nilitema kwa sababu ile ilikuwa nyumba ya Sospeter, na wale walikuwa wageni wake, na kanuni ilikuwa yake.

Mtoto wa Mpinga akaweka bilauri yake chini bila kuigusa. Mwenzake akaweka ya kwake. Nikasikia viti vinasogezwa. Neema alibadilika rangi. "Shangazi," alisema, "mvinyo una kasoro gani? Waambie basi. Sema neno." Na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa makusudi, nikiwa nataka kujua pakoje pale aliposimama yule bwana siku ile ofisini, na nikajua: ni mahali pa starehe sana. Hutakiwi kufanya lolote. Unakohoa tu, na mtu mwingine anazama. Neema alikuwa ananitazama kama mimi nilivyousikiliza ule ukuta wa mbao, bado anaamini.

Nikajimiminia tena, nikajaza, nikanywa mbele yao mpaka bilauri ikabaki tupu. "Mzuri," niliwaambia. "Mzuri kuliko wote niliowahi kuuonja. Kutema yalikuwa mambo yangu, hayahusiani na mvinyo." Wakatazamana, wakacheka, mmoja akasema walimu wana mambo, wakanyoosha mikono kwenye bilauri zao. Neema akakaa chini akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Nilidhani nitajisikia vizuri. Nilisimama pale na bilauri mkononi nikiangalia picha ya baba yake ukutani, anacheka, na uchungu ulinipanda kuliko asubuhi, kuliko siku ile ya ofisini, kwa sababu sasa nilikuwa najua ilivyokuwa rahisi kwake kusema neno moja tu.